Zege la Warumi lina miaka 2,000, la jirani halijafika 25: siri iko wapi?

Msomaji wetu wa Tanga anauliza: "Najenga kidogo kidogo kwenye kiwanja changu karibu na bahari. Nimesoma kwamba zege la Warumi wa kale lipo mpaka leo, tena jingine limo ndani ya maji ya chumvi. Hapa mtaani kuna nyumba ya ghorofa ambayo haijafikisha hata miaka 25, lakini slabu yake inadondosha vipande na nondo zimeota kutu. Kuna siri iliyopotea? Kama ipo, naweza kuitumia kwenye msingi, ukuta wa ua na tangi la chini la maji ya mvua? Na ni kweli wao walichanganya na maji ya bahari?"

Siri haijapotea, ndugu yangu. Huenda umeshailipia dukani bila kujua, maana imeandikwa kwa herufi moja tu ubavuni mwa mfuko wa saruji. Tukipima nguvu peke yake, zege la kawaida la leo linalishinda la Warumi kwa mbali: sampuli nyingi zilizotobolewa kwenye bandari zao za kale hazifikishi megapaskali 10 (kipimo cha uzito ambao zege linahimili kabla ya kupondeka), wakati zege la nyumba ya kawaida leo husanifiwa kwa 20 au 25. Kilichoiua slabu ya jirani ni chuma kilichomo ndani yake, na Warumi hawakusuka nondo ndani ya zege lao. Lakini tuanze na walichochanganya, kwa sababu hapo ndipo penye faida yako.

Chokaa ya kawaida, ile inayopatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe na kuizima kwa maji, hukauka kwa kunyonya hewa ya ukaa. Kazi hiyo huanzia nje kwenda ndani, polepole sana. Ukuta ukiwa mnene, katikati hubaki laini kwa miaka, na chini ya maji haishiki kabisa. Warumi waliligundua suluhisho kando ya mji wa bandari waliouita Puteoli, leo Pozzuoli, karibu na Napoli. Ardhi ya huko imejaa majivu ya volkano. Majivu hayo yalipoa ghafla yalipotoka mlimani, hivyo madini ya silika na alumina yaliyomo hayakupata muda wa kujipanga. Yamebaki katika hali ya kioo, na yako tayari kuungana na chokaa. Ukiyachanganya na chokaa na maji unapata gundi ngumu isiyohitaji hewa hata kidogo. Inashika katikati ya ukuta wa mita sita, na inashika ikiwa imezama. Jina la mji likawa jina la kitu chenyewe, pozolana, na mpaka leo wahandisi wa saruji duniani kote hulitaja bila kuikumbuka Pozzuoli.

Vipimo vyao tunavijua kwa sababu Vitruvius, msanifu aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi karibu mwaka 25 KK, aliviweka wazi. Kwa mchanga wa kuchimba shimoni, chokaa 1 kwa mchanga 3. Kwa mchanga wa mto au wa bahari, chokaa 1 kwa mchanga 2, na ukiongeza vigae au matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa, kiasi cha theluthi moja, mchanganyiko unakuwa bora zaidi. Kwa kazi za bandarini, chokaa 1 kwa pozolana 2.

Maagizo yake kuhusu mchanga yangeweza kubandikwa kwenye eneo lolote la ujenzi la leo. Usugue mkononi: ukitoa sauti ya kukwaruza, ni mzuri. Au uumwage juu ya kitambaa cheupe na kukikung'uta: ukiacha uchafu wa udongo, haufai. Kuhusu mchanga wa pwani alionya kwamba ukuta wake huchelewa kukauka, na lipu iliyopigwa juu yake hutoa chumvi inayoibambua. Mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa hilo.

Jambo ambalo habari nyingi za zege la Kirumi huliacha ni namna lilivyowekwa. Wao hawakumwaga uji wa zege kutoka kwenye mashine. Walikanda mota nzito kavukavu, wakatandaza tabaka, wakapanga mawe ya ukubwa wa ngumi kwa mkono, wakashindilia, kisha tabaka jingine. Maji machache maana yake ni matundu machache, na matundu ndiyo njia ya kila adui wa zege. Ukitaka kuiga Warumi kwa jambo moja tu, iga hilo. Halina gharama, isipokuwa jasho.

Mawe hayo yaliyovunjwa waliyaita caementum. Neno likasafiri, likabadilika maana, likatufikia sisi kama simenti: jina la mawe sasa ni jina la unga. Neno letu jingine, saruji, lina njia yake kupitia Uajemi na Uarabuni, na huko Oman bado lina maana yake ya zamani: udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, wa kujengea ngome na kuziba mifereji ya falaji, ile ya kupeleka maji mashambani, isivuje. Kikemia ni kazi ileile ya pozolana, udongo uliochomwa ukichukua nafasi ya majivu ya mlima. Kwa hiyo fundi wa pwani ana majina mawili mdomoni kutoka pande mbili za dunia, na yote yanarudi kwenye chokaa na kitu kilichopitia moto.

Kwa nini la baharini limedumu? Mfano mkubwa ni bandari ya Caesarea, katika pwani ya nchi inayoitwa leo Israeli, iliyojengwa na mfalme Herode kuanzia karibu mwaka 22 KK. Majivu yaliletwa kwa meli kutoka Ghuba ya Napoli, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000, na hiyo inaonyesha walijua wazi kwamba mchanga wowote tu usingefaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maji ya bahari yanapopenya ndani ya zege hilo huyeyusha kidogo kioo cha majivu, kisha madini mapya, aina ya tobamoraiti na filipsaiti, huota ndani ya matundu na kuyafunga. Mwaka 2023 watafiti wengine walichunguza zege la mji wa kale wa Privernum, Italia, na kuvutiwa na vibonge vyeupe vya chokaa vilivyotapakaa ndani yake. Zamani vilidhaniwa ni uzembe wa kuchanganya. Hoja yao ni kwamba Warumi walitumia chokaa hai, isiyozimwa, ikachemka ndani ya mchanganyiko na kuacha vibonge hivyo kama akiba. Ufa ukitokea na maji yakapita, kibonge huyeyuka na kuujaza ufa. Katika jaribio lao la maabara, ufa wa nusu milimita ulizibika ndani ya wiki mbili.

Habari tamu, lakini usiibebe kuliko uzito wake. Tunaona majengo ya Kirumi yaliyosimama kwa sababu yaliyoanguka yameshasombwa na kusahaulika. Nyumba za kupangisha za mjini Roma ziliporomoka mara kwa mara, na mshairi Juvenal aliucheka mji unaoegemezwa kwa vijiti. Hata Pantheon, hekalu la mjini Roma na mojawapo ya majengo yao maarufu zaidi, lililokamilika karibu mwaka 126 BK chini ya kaisari Hadrian, lina nyufa katika sehemu ya chini ya kuba lake. Kuba hilo lina upana wa mita 43.3, na hakuna kuba jingine duniani la zege lisilo na nondo lililolizidi. Wajenzi walilifanya nene kama mita 6 chini, likapungua hadi mita 1.2 hivi juu kwenye tundu la mwanga, na walipanga mawe mazito chini na mawe mepesi ya povu la volkano juu. Limepasuka, na bado limesimama.

Zege lolote, la kwao na letu, ni gumu kulikandamiza lakini rahisi kulivuta: nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kukandamizwa. Warumi walilikwepa hilo kwa umbo, yaani tao, kuba na ukuta mnene, ambamo uzito karibu wote hukandamiza kuelekea chini. Ufa katika jengo la namna hiyo ni kovu tu. Sisi tunataka slabu bapa yenye unene wa sentimita 15 ipite juu ya sebule bila nguzo. Upande wake wa chini unavutwa kila siku, na kazi ya kuvutwa tumempa chuma tangu siku za Joseph Monier, Mfaransa aliyepata hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) mwaka 1867 kwa mabeseni ya bustani ya saruji yenye waya ndani. Ndiyo, ghorofa zote hizi zina babu ambaye ni beseni la maua.

Zege bichi lina ubesi mkali (kinyume cha uasidi), pH ya 12 hadi 13, na ubesi huo hulivika chuma utando unaozuia kutu. Wezi ni wawili. Hewa ya ukaa huingia taratibu na kuushusha ubesi huo hadi chini ya 9, hapo utando unapotea. Chumvi ya bahari yenyewe hutoboa utando hata kama ubesi bado upo. Kutu ikianza, inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linabanduka. Hicho ndicho unachokiona kwa jirani. Mara nyingi chanzo ni nondo zilizolazwa karibu kugusa mbao za fomu, zikafunikwa na zege la milimita 10 tu. Hewa ya ukaa haiendi kwa mwendo mmoja: kina chake hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo ukiongeza kifuniko cha zege mara mbili, unapata muda karibu mara nne. Kutoka milimita 10 hadi 40, karibu mara 16. Hakuna kiungo cha dukani kitakachokupa faida hiyo kwa bei ya vibao vidogo vya zege vya kuinulia nondo, vile ambavyo mafundi huviita biskuti.

Sasa mfuko. Baada ya Warumi, ujuzi wa zege la kushika chini ya maji ulififia Ulaya, ukafufuliwa hasa pale John Smeaton alipojenga mnara wa taa wa Eddystone, Uingereza, kati ya 1756 na 1759, kwa chokaa yenye udongo ndani yake pamoja na pozolana iliyoletwa kutoka Italia. Mwaka 1824 Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji aliyoiita ya Portland. Saruji ya Portland ya leo ni mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja kwenye nyuzijoto kama 1,450. Chokaa peke yake hutosheka na 900 hivi. Warumi walimwachia mlima kazi ya kuchoma silika. Sisi tunaifanya kwa makaa na gesi. Ndiyo maana viwanda vimerudi kwenye pozolana: kila kilo ya majivu inayochukua nafasi ya kilo iliyochomwa tanuruni hupunguza gharama na moshi.

Soma mfuko hivi. CEM ni kifupi cha saruji, na namba ya Kirumi inayofuata ni aina yake. CEM I ni karibu Portland tupu. CEM II/A-P ina pozolana asilimia 6 hadi 20, na CEM II/B-P ina 21 hadi 35. CEM IV/A ina 11 hadi 35, na CEM IV/B ina 36 hadi 55. Herufi P ndiyo pozolana ya asili, Pozzuoli yako hiyo. Ukikuta L badala yake, kilichoongezwa ni unga wa mawe ya chokaa, ambao hauna kazi hiyo. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu kwa megapaskali baada ya siku 28. Kenya, mifuko ya CEM IV/B-P 32.5 imejaa madukani.

Kwa msingi wako wa mawe usio na nondo na kwa ukuta wa ua, saruji ya P ya 32.5 inafaa sana. Zege la msingi 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), mota ya kujengea 1:4 au 1:5. Inashika polepole kuliko CEM I, kwa hiyo usikimbilie kupakia uzito, na uimwagilie au uifunike kwa magunia mabichi siku 14, si tatu kama ilivyozoeleka. Hapa ndipo watu huharibu. Majivu huanza kazi yake baada ya saruji kuanza, na yanahitaji unyevu muda wote huo. Zege la pozolana lililotunzwa vizuri huizuia chumvi kuliko zege la CEM I. Lililoachwa likauke siku ya tatu huingiwa na hewa ya ukaa upesi kuliko hilo la CEM I. Mfuko uleule, matokeo mawili.

Kwa tangi, ambalo litakuwa na nondo, nenda 1:2:4 au lenye saruji nyingi zaidi, maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Kumbuka mchanga uliolowa mvua umeshabeba sehemu ya maji hayo, basi pima na upunguze. Kifuniko cha nondo milimita 50 kwa ujirani wako na bahari. Na hapa Warumi wana somo jingine: ndani ya matangi yao walipiga lipu ya chokaa na vigae vilivyosagwa, na pale ukuta unapokutana na sakafu hawakuacha pembe. Waliijaza kwa ukingo wa mviringo, kama robo ya bomba. Pembe kali ndiyo mahali pa kwanza pa kuvuja, na ndipo uchafu unapojificha. Mwambie fundi wako aizungushe kwa chupa.

Ukitaka kujaribu mchanganyiko wenyewe wa kale, ufanye kwenye benchi la bustani au lipu ya ukuta wa ua, usiuguse kwenye slabu wala nguzo. Ndoo 1 ya chokaa iliyozimwa, ndoo 1 ya unga wa tofali la kuchoma uliopita kwenye chekeche ya unga, ndoo 2 za mchanga safi. Tofali liwe limeiva kawaida. Lililoungua mpaka likawa jeusi na kung'aa halitashika na chokaa, na lisiloiva ni udongo tu. Kanda kavukavu, ufunike mchanganyiko kwa magunia mabichi siku zote, na weka pembeni vipande vya sampuli. Baada ya wiki mbili tumbukiza kimoja ndani ya maji: kikimumunyika au kikilainika, unga wako haufanyi kazi, na ukuta wote utakuwa vivyo hivyo.

Chokaa yenyewe iangalie kabla ya kulipa. Chokaa ya kilimo mara nyingi ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa, na haitashika kamwe. Kamulia limau juu ya kijiko chake: ikitoa mapovu kwa wingi, ama haikuchomwa ama imeshanyonya hewa ghalani ikafa. Na usijaribu kuchanganya kwa chokaa hai kama inavyosemwa Warumi walifanya. Ikikutana na maji huchemka na kuruka, na ikiingia jichoni inapofusha.

Maji ya bahari ni swali lako la mwisho. Bandarini waliyatumia kweli, kwa kuwa mchanganyiko ulishushwa humohumo baharini na hapakuwa na chuma cha kuliwa. Kwako, popote penye nondo, hapana, na mchanga wa ufukweni vilevile hapana. Ukilazimika kuutumia kwenye mota isiyo na chuma, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, na tarajia lipu kutoa unga mweupe hata hivyo.

Slabu ya jirani isifichwe kwa lipu mpya, maana kutu itaendelea chini yake na kipande kitakachoanguka kitakuwa kizito zaidi. Igongwe kwa nyundo: panapolia kama mtungi mtupu pamebanduka. Zege hilo litolewe mpaka milimita 20 hivi nyuma ya nondo, chuma kisuguliwe mpaka king'ae, kisha ndipo pazibwe. Na kama nondo zimepungua unene kiasi cha kuonekana kwa macho, iwekwe miti ya kuegemeza leo hii, mhandisi aitwe, na watu wasilale chumba hicho mpaka afike.